Viza ya kufanya kazi kwa mbali: ujiombee mwenyewe, umpe wakala, au utafute wakili?

Wiki tatu zilizopita binamu yangu alikuja nyumbani kwangu Kinondoni akiwa na bahasha ya kaki na kalamu ya kupaka rangi ya njano. Ndani ya bahasha mlikuwa na taarifa yake ya benki ya miezi sita, kurasa kumi na nane. Wakala aliyempata kupitia rafiki yake alikuwa amemtajia shilingi milioni tatu na nusu za "kusimamia" viza ya kufanya kazi kwa mbali Malaysia, yaani ya kuishi kule huku ukifanya kwa mtandao kazi ya mwajiri wa nje, akamtumia na orodha ya vitu vya kuleta: taarifa ya benki, mkataba wa kazi, barua ya mwajiri, bima ya afya, hati ya polisi ya kuonyesha kwamba hana rekodi ya uhalifu, picha, pasi. Binamu akapanga karatasi zake mezani, akaniuliza, "Dada, kama vyote hivi natafuta mimi, yeye anafanya nini hasa?"

Jibu halifanani kwa kila nchi. Mimi niliomba ya Malaysia mwenyewe, bila kumlipa mtu. Mdogo wangu anayeishi Nairobi aliomba ya Hispania akiwa na wakili, na naamini hela ile haikupotea. Binamu ndiyo huyo, mguu mmoja umeshaingia ofisini kwa wakala. Nitaziweka njia hizi tatu kando kwa kando, kwa macho ya mtu mwenye pasi ya Tanzania au Kenya, maana maelezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa Mmarekani au Mjerumani anayeingia nchi hizo bila viza yoyote, na nusu ya ushauri huo hautuhusu.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa nchi nyingi zinazotoa viza hii, jiombee mwenyewe. Kazi kubwa ya ombi ni kuthibitisha kipato chako, na hiyo hakuna mtu wa kukufanyia. Hela ya msaada iweke pale ambapo ugumu uko kwenye sheria ya nchi unayokwenda.

Nani ni nani

Nianze na majina, kwa sababu yanachanganywa sana. Wakala yuko mjini kwenu. Anajaza fomu, anapanga miadi, anakukumbusha kinachokosekana. Mbele ya ubalozi hana uzito wowote. Ni mtu aliyekusaidia kuandika. Wakili ninayemzungumzia yuko kule unakokwenda, amesajiliwa na chama cha mawakili cha huko, anaisoma sheria ya uhamiaji kwa lugha iliyoandikiwa, na ukikataliwa anaweza kukata rufaa kwa niaba yako.

Halafu kuna vituo vya kupokea maombi, kama VFS Global na BLS International. Hizi ni kampuni zilizopewa kazi na balozi: zinapokea karatasi, zinachukua alama za vidole, zinatoza ada ya huduma, zinapeleka faili. Haziamui chochote. Nimekutana na watu waliomlipa wakala wakiamini kwamba ana mlango wake ndani ya kituo. Hana. Anapanga miadi kwenye tovuti ileile unayoweza kuifungua wewe kwenye simu yako, na siku ya alama za vidole unakwenda wewe kwa miguu yako.

Wa mwisho ni kishoka, yule wa nje ya geti mwenye "mtu wake ndani". Huyo simlinganishi na yeyote.

Hela inakwenda wapi

Ukijiombea mwenyewe unalipa ada ya serikali, bima, hati ya polisi, tafsiri kama inahitajika, na nauli. Ukienda kwa wakala unalipa hayo yote, kisha unamlipa na yeye. Watu wengi hawalioni hili mpaka wameshatoa kianzio. Nilimwambia binamu ampigie wakala aulize kama zile milioni tatu na nusu zinajumuisha bima na ada ya serikali. Jibu likaja: "Hizo ni juu yako, kaka."

Sasa pima hela hiyo na ada zenyewe. Mauritius ilipoanzisha Premium Visa mwaka 2020 haikuweka ada ya maombi kabisa. Malaysia, kwenye mpango wake wa DE Rantau ulioanza Oktoba 2022, inatoza ringgit 1,000 kwa mwombaji na 500 kwa kila tegemezi. Thailand inatoza baht 10,000 kwa viza yake ya DTV iliyoanza Julai 2024. Ukiwa na takwimu hizi mkononi, bei ya wakala unaipima kwa kazi anayofanya, na kazi yenyewe kwenye nchi hizi ni kupakia mafaili kwenye tovuti iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Fomu ya Malaysia niliijaza jioni moja baada ya chakula. Nyaraka zilinichukua wiki tano. Wakala angeniokolea ile jioni.

Nchi ninazoulizwa zaidi hizi hapa. Viwango vya Ureno na Hispania vimefungwa kwenye kima cha chini cha mshahara cha nchi hizo, kwa hiyo hupanda kikipanda. Nimeweka vya 2025. Kila mara fungua tovuti ya serikali husika siku unayoanza kukusanya karatasi, usitegemee jedwali la mtu, hata hili langu.

| Nchi | Kipato au akiba | Muda | Ningeomba vipi |
|---|---|---|---|
| Mauritius | Dola 1,500 kwa mwezi | Mwaka 1, huongezwa | Mwenyewe |
| Namibia | Dola 2,000 kwa mwezi | Miezi 6 | Mwenyewe |
| Malaysia | Dola 24,000 kwa mwaka kwa kazi za teknolojia. 60,000 kwa kazi nyingine | Miezi 3 hadi 12, huongezwa | Mwenyewe |
| Thailand | Akiba ya baht 500,000 | Miaka 5, siku 180 kila unapoingia | Mwenyewe |
| Dubai | Dola 3,500 kwa mwezi | Mwaka 1 | Mwenyewe |
| Ureno (viza ya D8) | Euro 3,480 kwa mwezi | Hutegemea aina | Nusu mwenyewe, nusu msaada |
| Hispania | Takribani euro 2,763 kwa mwezi | Mwaka 1 kupitia ubalozi | Wakili |

Kabla ya kutazama kipato, tazama uraia. Mpango wa Cabo Verde uliwekwa kwa ajili ya raia wa Ulaya, Amerika ya Kaskazini, nchi zinazozungumza Kireno na nchi za ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi. Mtanzania, Mkenya au Mkongo hayumo, hata awe na kipato gani, na wakala anayekuambia atakufanyia anakuuzia kitu ambacho hakipo. Mauritius nayo ina orodha yake ya nchi zinazokubaliwa, ifungue kwanza.

Kurasa kumi na nane na kalamu ya njano

Nirudi mezani, maana hapa ndipo maombi ya watu wetu yanapokwama.

Binamu anatunza hesabu za kampuni moja ya Uingereza na ana mteja mwingine wa Marekani wa kazi ndogondogo. Wote wanamlipa kupitia Payoneer, huduma ya malipo ya mtandaoni, kisha yeye anahamishia benki hapa, inaingia kwa shilingi. Mkataba unasema dola 2,400 kwa mwezi. Ankara zinasema mara 2,400, mara 2,650, kutegemea kazi za ziada. Benki inaonyesha shilingi, baada ya makato, na jina la mtumaji ni Payoneer. Sasa jiweke kwenye kiti cha afisa ambaye hajawahi kufika Dar es Salaam. Mkataba una jina la kampuni, benki ina jina jingine, na kiasi hakifanani mahali popote. Kipato ni cha kweli kabisa, lakini kwenye karatasi hakionekani.

Tulichofanya kilichukua saa tatu. Kila mstari wa mshahara tuliupaka njano. Pembeni tukaandika namba ya ankara kwa kalamu ya wino. Kisha tukatengeneza jedwali la ukurasa mmoja: tarehe, namba ya ankara, jina la mteja, kiasi cha ankara kwa dola, kiasi kilichoingia Payoneer, kiasi kilichoingia benki kwa shilingi, na ukurasa wa taarifa ya benki mstari ulipo. Tukaambatisha na historia ya miamala iliyotolewa na Payoneer yenyewe, ambayo inataja jina la mlipaji. Mtu yeyote akishika jedwali lile anaweza kufuata hela kutoka London mpaka Kinondoni bila kuuliza swali.

Kulikuwa na mstari mmoja wa shilingi milioni nne kutoka M-Pesa.

"Hii imetoka wapi?"

"Mama alinirudishia hela ya kiwanja."

Huo hatukuupaka rangi, na kwenye jedwali tukaandika chini kwamba si sehemu ya kipato. Wakala alikuwa amemshauri kinyume chake: akope kiasi fulani, akiweke kwenye akaunti siku chache kabla ya kuomba, "taarifa ipendeze". Naomba usifanye hivi. Estonia, kwa mfano, hutazama kipato cha miezi sita iliyotangulia, na inataka euro 4,500 kwa mwezi kabla ya kodi. Hela iliyotua jana haionyeshi kipato. Inaonyesha kuna mtu alijaribu kupamba akaunti, na afisa ameshaziona taarifa za namna hiyo mara nyingi.

Kazi hii ya saa tatu hakuna wakala angeifanya, kwa sababu hajui ni mstari upi ni wa mama na upi ni wa mteja. Unajua wewe. Ndiyo maana nasema moyo wa ombi hili haukabidhiki.

Jambo jingine letu wenyewe ni majina. Kwenye pasi una majina matatu, kwenye cheti cha chuo mawili, kwenye mkataba mteja kakuandika jina la kwanza na la babu, na benki imegeuza mpangilio. Kwetu ni kawaida. Kwa afisa wa nje ni watu wawili au watatu. Tengeneza hati ya kiapo ya majina kwa wakili au kamishna wa viapo aliye karibu nawe, itaje kila namna jina lako linavyoandikwa, uiambatishe hata kama haijaombwa. Mimi niliombwa maelezo kuhusu jambo hilihili, na nilikuwa nayo tayari kwenye droo.

Barua pepe ya nani?

Hapa njia ya wakala inaniudhi kuliko kwenye bei. Mawakala wengi hufungua akaunti ya maombi kwa barua pepe yao. Ofisi ya uhamiaji ikiomba karatasi ya ziada, ujumbe unakwenda kwao. Wakichelewa kusoma, wakiwa na wateja arobaini, wakiwa wamesafiri, siku zinahesabika kwako. Binti mmoja, niliyekuja kumsaidia baadaye, alikataliwa kwa sababu hakujibu ombi la kuongeza uthibitisho wa malazi. Hakuwahi kuliona. Ofisi iliyokuwa ikimhudumia ilimwambia tu kwamba "wamekataa".

Kwa hiyo hata ukiamua kumlipa mtu, barua pepe iwe yako, namba ya simu iwe yako, nywila uijue wewe, na kila faili linalopakiwa uwe na nakala yake. Mwisho wa fomu kuna tamko unalolitia sahihi kwamba kila kilichomo ni kweli. Sahihi ni yako. Wakala akiongeza barua ya mwajiri aliyoibuni, aliyedanganya ni wewe. Kwa viza za Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, taarifa za maombi hutunzwa kwenye mfumo uitwao VIS kwa muda wa hadi miaka 5, na nchi nyingine za Schengen zinaiona. Ukikataliwa Lisbon kwa karatasi ya kughushi, Madrid wanajua.

Wakala anapostahili hela yake

Siwezi kusema mawakala wote ni wabaya, maana si kweli. Ukiwa Kigoma au Sumbawanga, na hati zako zinatakiwa kupita mikononi mwa ofisi za Dodoma na Dar es Salaam, kumlipa mtu akimbizane na mihuri kunaokoa hela ya mabasi na ya kulala wageni. Hati za Tanzania zimezoea kupanda ngazi kwa ngazi: ofisi iliyozitoa, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Ndugu zetu wa Rwanda wana wepesi zaidi tangu Juni 2024, Mkataba wa Apostili wa The Hague ulipoanza kutumika kwao, na Burundi tangu 2015: muhuri mmoja wa apostili unatosha kwa nchi nyingine zilizo kwenye mkataba huo. Kwa hati za Kiswahili zinazotakiwa kutafsiriwa, BAKITA hutoa huduma ya tafsiri rasmi, na hapo huhitaji mtu wa kati.

Hati ya polisi pia hupati kwa wakala. Kenya unaiomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole, na vidole haviendi kwa niaba. Tanzania nako vidole ni vyako. Muhimu ni mpangilio: nchi nyingi hutaka hati ambayo haijapita miezi mitatu au sita, kwa hiyo iache ije mwishoni. Mimi niliichukua mapema kwa furaha ya kuanza, nikalazimika kuichukua tena.

Ukimlipa wakala, mlipe kwa kazi inayohesabika. "Peleka hati hizi wizarani, zirudi na muhuri, kiasi hiki, risiti hii." Neno "kusimamia viza" halihesabiki. Na ukisikia "viza uhakika", ondoka. Hakuna mtu nje ya ofisi ya uhamiaji anayeweza kuuza uhakika.

Kwa Dubai ongeza tahadhari. Watu wetu wengi wana ndugu Deira au Sharjah, na maneno ya vijiweni yanasafiri haraka. Viza ya kufanya kazi kwa mbali ya Dubai unajidhamini mwenyewe. Anayekuuzia mdhamini kwa ajili ya viza hii anakuuzia usichohitaji. Na wapo wanaotoza bei ya viza ya mwaka mmoja, wakakukatia ya utalii. Soma aina ya viza iliyoandikwa kwenye hati kabla ya kununua tiketi. Kadhalika Estonia: kadi ya e-Residency, iliyoanza mwaka 2014, inakuwezesha kusajili na kuendesha kampuni kwa mtandao. Haikupi ruhusa ya kuingia wala kukaa Estonia. Wanaoiuza kama viza wanajua tofauti hiyo.

Hispania, na kwa nini mdogo wangu alimlipa wakili

Viza ya Hispania ilitokana na sheria ya kampuni changa, namba 28 ya mwaka 2022. Kwenye karatasi masharti yanasomeka kirahisi: kipato cha angalau asilimia 200 ya kima cha chini cha mshahara, kampuni unayoifanyia kazi iwe imekuwepo kwa mwaka mmoja au zaidi, uwe umefanya nayo kazi angalau miezi mitatu, uwe na shahada au uzoefu wa miaka mitatu, na kama una wateja wa Hispania wasizidi asilimia 20 ya kazi zako. Mdogo wangu alitimiza yote. Alijaza fomu mwenyewe, akapanga karatasi vizuri kuliko mimi, na alikuwa tayari kupanga miadi.

Rafiki yake aliyeko Valencia akamwambia azungumze na wakili nusu saa tu kabla ya kuwasilisha. Swali la kwanza la wakili lilikuwa: hifadhi ya jamii umeipangaje? Mdogo wangu hakulielewa. Hispania inataka ijue utakatwa wapi michango ya hifadhi ya jamii. Kama nchi unayotoka ina makubaliano nayo, unaleta cheti. Kama huna cheti hicho, kuna njia nyingine, na njia inategemea kama wewe ni mwajiriwa au mkandarasi. Yeye alikuwa na mkataba wa ajira na kampuni ya Ujerumani, ulioandikwa kwa namna ambayo ingemtaka mwajiri ajisajili Hispania, jambo ambalo mwajiri asingelikubali. Wakili akaeleza jinsi mkataba wa mkandarasi unavyokuwa, na kwamba atajisajili kama mtu aliyejiajiri akishafika. Mazungumzo na mwajiri yakachukua mwezi mzima. Wakala wawili wa Nairobi waliowahi kumpa bei hakuna hata mmoja aliyegusa suala hili.

Kuna na kodi. Hispania ina utaratibu maalumu kwa wanaohamia kikazi, wa asilimia 24 hadi kipato cha euro 600,000, lakini una dirisha la miezi sita la kuuomba. Ukilikosa, umelikosa. Kuna tafsiri: lazima ifanywe na mfasiri wa kiapo anayetambuliwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Hispania, si kila mtu anayejua Kihispania. Na kuna mtego unaotugusa sisi hasa. Anayeingia Hispania bila viza anaweza kuombea kibali akiwa ndani, apate hadi miaka mitatu, na ofisi husika ina siku 20 za kazi kujibu. Mawakala huisifu njia hii. Kwa pasi zetu inamaanisha kwanza kuomba viza ya utalii ya Schengen, euro 90 tangu Juni 2024, ukieleza kwamba unakwenda kutembea huku nia yako ni kuhamia. Wakili alimwambia mdogo wangu apite ubalozini, achukue mwaka mmoja, aongeze akiwa kule. Akapita ubalozini.

Ndicho nilichomaanisha kuhusu sheria ya nchi husika. Wakili hakumgusia taarifa ya benki hata kidogo; hiyo aliipanga mwenyewe, kwa kalamu ya kijani.

Kabla ya kumlipa wakili wa nje, tafuta jina lake kwenye orodha ya chama cha mawakili cha mji wake. Hispania orodha hizo ziko wazi mtandaoni. Omba makubaliano ya maandishi yanayosema atafanya nini na nini hatafanya, na kama rufaa imo kwenye bei. Muulize ameshughulikia pasi ya Kenya au Tanzania mara ngapi. Jibu la kusitasita hapo si kosa, ila linakueleza usubiri kiasi gani.

Ureno iko katikati. D8 inataka kipato cha mara nne ya kima cha chini cha mshahara, pamoja na uthibitisho wa malazi, na kwa kawaida namba ya kodi, NIF, na akaunti ya benki ya huko. Mimi ningelipa msaada kwa NIF na kwa mtu wa kusoma mkataba wa nyumba kabla sijatia sahihi, kisha ombi lenyewe ningeliandika mwenyewe. Anayekuahidi kuharakisha kibali cha ukaazi ukishafika Lisbon, mkatalie. AIMA, idara ya uhamiaji ya Ureno iliyoanza Oktoba 2023, ilirithi mlundikano wa mamia ya maelfu ya mafaili, na foleni ile haina mlango wa pembeni.

Mahali binamu alipofikia

Tulipomaliza njano, nilimwambia afungue ukurasa wa masharti ya DE Rantau, ausome mwenyewe kwa sauti. Alipofika kwenye aina za kazi akanyamaza. Yeye ni mtunza hesabu. Kazi yake haimo kwenye kundi la teknolojia, kwa hiyo kiwango chake ni dola 60,000 kwa mwaka, na yeye anapata takribani nusu ya hapo. Mimi nilipita kwa 24,000 kwa sababu najaribu programu za kompyuta. Wakala alimpendekezea Malaysia kwa kuwa alisikia dada yake alikwenda.

Sasa anachagua kati ya Mauritius na Namibia, na kipato chake kinafika kote kuwili. Kilichobaki ni karatasi moja ambayo hakuna wakala wala wakili angeweza kumpatia: barua ya mwajiri inayosema wazi kwamba anaruhusiwa kufanya kazi akiwa nje ya Tanzania. Mkataba wake ulitaja "Dar es Salaam" kama mahali pa kazi. Tulimwandikia mwajiri usiku uleule, tukamwomba barua yenye mambo haya: jina kamili kama lilivyo kwenye pasi, cheo, tarehe aliyoanza, mshahara kwa mwezi na sarafu yake, kwamba kazi yote inafanyika kwa mtandao, kwamba kampuni haina shughuli katika nchi anayokwenda, kwamba mwajiri anakubali afanyie kazi kutoka huko kwa muda utakaotajwa, kisha sahihi, cheo cha aliyetia sahihi, na simu ya ofisi inayopokelewa.

Barua ilifika siku ya nne, na jina lake la kati limekosewa herufi moja. Tumeirudisha irekebishwe.